Jua Halizami Coco: Chakula cha Oysterbay na Hadithi Zetu

Wenzangu wa kalamu, hebu leo tuambiane ukweli. Katika hadithi fupi tunazosomeana vijiweni, na hata zile zinazofika kwenye kurasa kama hizi, Oysterbay imekuwa kama lile pazia la studio za zamani za picha. Ukutani minazi ya kuchora na bahari ya kuchora, unasimama mbele, unapigwa picha, umemaliza. Mvulana na msichana wanateremka kwenye daladala, upepo unavuma, mawimbi yanapiga mwamba, jua linazama baharini, wanaahidiana. Halafu inakuja sentensi moja: wakala mihogo. Basi! Muhogo wa nani, umetoka wapi, ulikuwa wa moto au umelala tangu asubuhi, mwandishi hana habari.

Nianze na hilo jua, maana linanikera. Ufukwe wa Coco unatazama mashariki. Pale jua linachomoza baharini, halizami. Jioni linakupita mgongoni, linakwenda nyuma ya majumba ya Toure Drive kuelekea Msasani na Mikocheni. Mtu anayezamisha jua mbele ya wapenzi wake wa Coco alikwenda pale na macho ya sinema, au hakwenda kabisa. Angekaa hata saa moja anasubiri muhogo wake uive angeona kivuli cha miti kinavyotambaa kutoka barabarani kuja kwenye mchanga, na jinsi biashara inavyochangamka kivuli kinapofika. Ninachodai mimi ni kwamba mtaa huu hauandikiki kwa macho peke yake. Umezoea mno kutazamwa. Uandike kwa mdomo na utakuonyesha watu wake.

Historia yenyewe inasema hivyo. Waingereza walipoushika mji baada ya Vita vya Kwanza waliendeleza mgawanyo wa maeneo: Wazungu pwani upande wa kaskazini, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo. Oysterbay ikawa Uzunguni, nyumba kubwa zenye bustani na upepo wa bahari. Lakini nani alipika humo? Mpishi Mwafrika, aliyelala kwenye boi kota nyuma ya nyumba, akaokea meza ya mbele nyama kwa namna aliyofundishwa, kisha akarudi uani kusonga ugali wake. Nyumba moja, majiko mawili. Riwaya ya Oysterbay iko pale uani, wenzangu, na sijasoma bado iliyoingia humo ikakaa kurasa mia mbili. Sisi tunaishia getini tunasifu maua.

Majiko mawili hayo hayajafa. Nimezunguka mtaa huu kwa miguu Jumamosi kadhaa, mfukoni nina daftari na nauli ya kurudia, na kila nilipokula nilijiuliza swali moja: hiki chakula kinamjua aliyekipika? Hotelini Masaki nililetewa samaki ambaye jina lake kwenye orodha lilichukua mistari miwili ya Kiingereza. Nikamgeuza, nikamtazama. Changu! Changu yule yule wa siku zote, ila amewekewa jani juu na kipande cha limau pembeni. Alikuwa mzuri, sitasema uongo, kaungua ngozi vizuri na ndani ana maji yake. Ila mhudumu hakujua amevuliwa wapi, na mpishi haonekani, yuko nyuma ya mlango unaojifunga wenyewe. Ukitaka kuandika mandhari ya hoteli ile utaandika vikombe na mishumaa tu, kwa sababu hupewi kingine.

Sasa njoo ufukweni. Muhogo wa Coco una njia mbili, kuna wa kuchoma kwenye mkaa na kuna wa kukaanga kwenye karai la mafuta. Ukiiva unapasuliwa katikati, unatiwa chumvi na pilipili, na ukitaka unaongezewa chachandu na kachumbari. Mimi ni mtu wa kuchoma. Wa kukaanga unasifiwa kwa sababu unalia ukiuvunja, lakini mafuta yakishapika karai la tano au la sita yanakuwa na harufu yake, na harufu hiyo haidanganywi na pilipili. Wa kuchoma hauna pa kujificha. Ukiwa mbovu utaujua kwenye tonge la kwanza, nje mkavu kama kijiti na ndani una uzi. Ukiwa mzuri unapasuka wenyewe, unga unakaribia kutoka moshi, na unatamani uombe maji lakini unaona aibu. Chachandu ndiyo inayoniudhi siku hizi. Wengi wameifanya maji ya nyanya yenye rangi. Chachandu lazima iwe na ukali wa ndimu au ukwaju unaokaza taya, vinginevyo bora chumvi na pilipili ya kusaga, uishie hapo.

Nilimwuliza dada mmoja anayechoma kwa nini anauvunja kila muhogo mbichi kabla ya kuumenya. Hakuniangalia. “Mdogo wangu, wewe unakula au unaandika?” Nikamwambia vyote. Ndipo akanionyesha: ndani ya mmoja kulikuwa na mistari ya buluu iliyokolea karibu na nyeusi. Akautupa pembeni. Kumbe muhogo ukishang'olewa una siku mbili tatu tu kabla haujaanza kupiga mistari hiyo, na huu wake unatoka mashamba ya Mkoa wa Pwani. Hebu fikiri. Umeng'olewa leo, umepakiwa usiku, umefika sokoni alfajiri, umegombewa bei, umepanda tena gari hadi Oysterbay, na saa inahesabu. Sisi tunahangaika kutafuta namna ya kumfanya msomaji afungue ukurasa wa pili, wakati msisimko wa namna hiyo uko ndani ya gunia!

Na kuna zaidi. Muhogo si mwenyeji wetu, Wareno ndio walioutoa Amerika ya Kusini. Huku umepata maadui wake. Batobato, ule ugonjwa unaokunja majani, wanasayansi waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutokana na mihogo ya Usambara. Mwaka 1936 ukaandikwa mwingine huko huko Usambara, Amani: michirizi ya kahawia. Huu wa pili ndio wa kuogofya. Shina laweza kusimama na majani yakakudanganya kuwa mambo safi, mkulima anapalilia anasubiri, siku ya kung'oa anakuta mzizi umeoza kahawia ndani. Ukipungua shambani, bei inapanda gunia kwa gunia mpaka kwenye jiko la yule dada, naye hawezi kumpandishia mteja kesho yake, maana mteja ni mwanafunzi mwenye hela ya kuhesabu. Anachofanya anapunguza urefu wa kipande. Mwandishi aliyesema wakala mihogo alipita juu ya yote haya kama mtu anayepita juu ya daraja huku amesinzia.

(Wale vijana wanaouza muhogo mbichi na nazi kavu na karanga nitawaacha. Sifa wanazoipigia bidhaa yao mbele ya wanaume watu wazima zinahitaji makala yake, na mhariri hatakubali. Niseme tu kwamba muhogo wa kutafunwa mbichi sharti uwe ule mtamu. Mchungu una sumu.)

Kuna mwenzetu aliniambia kijiweni kwamba haya ni mambo ya jikoni, riwaya inataka mambo makubwa. Sawa, tuyataje makubwa. Katika miaka ya 2010 mzozo wa nani aiendeleze fukwe ile ulifika mpaka mahakamani. Kwa nini watu wauogombee mchanga na mawe ya matumbawe? Kwa sababu ni ufukwe wa wazi pembeni ya nyumba za bei mbaya, na mtu wa Tandale au Mbagala anaweza kuingia bila kuulizwa anamtafuta nani. Anaingia kwa sababu kuna kitu cha kula anachoweza kukilipia. Ondoa majiko yale, acha bahari na upepo, uone kama atakuja Jumapili na watoto watatu. Bahari haigharimu kitu, lakini mtoto hashibi mawimbi. Kipande cha muhogo ndicho kinachompa ruhusa ya kukaa. Hilo ni dogo?

Kwa hiyo nikipewa hadithi ya Oysterbay niihukumu, na nimeanza kupewa, sitaangalia mwandishi ameipambaje bahari. Nitatafuta mahali wahusika wake wanapokula, nione nani kalipa, nani kajifanya ameshiba, nani kanawa mikono na nani kaletewa kitambaa. Msichana anayekataa pilipili kwa kuogopa kutokwa na kamasi mbele ya mvulana nimeshamjua. Mvulana anayeagiza mishikaki miwili, akala mmoja na kuuacha wa pili mpaka upoe ili aonekane hana njaa, huyo naye nimeshamjua. Wape majina mnayotaka.

Na yule aliyezamisha jua pale Coco, kama analipenda sana hilo jua, avuke rasi aje upande wa Msasani. Huku ghuba inatazama magharibi, jua linashuka juu ya maji ng'ambo ya Mikocheni sawasawa kama alivyoandika. Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla ya hizo nyumba zenye bustani. Aje saa ambazo supu ya pweza inaanza kuuzwa. Muuzaji anamkata pweza vipande vidogo, anamtia kwenye kikombe, anamwaga mchuzi wa moto juu yake, ndimu na pilipili unajikamulia mwenyewe. Unakunywa umesimama, kwa sababu kuna mwingine nyuma yako anakisubiri kikombe.