Shujaa na Mwombaji: Usawiri wa Mwanafunzi katika Taarifa za Matokeo ya Mitihani

Taarifa ya gazeti kuhusu matokeo ya mtihani wa kitaifa aghalabu huchukuliwa kuwa habari tupu isiyohitaji kuhakikiwa kifasihi. Hata hivyo, taarifa hizi zina msuko, wahusika na msamiati ambao haubadiliki mwaka hadi mwaka. Kwa hivyo zinastahili kutazamwa kama utanzu. Tangu mtihani wa darasa la nane (KCPE) ulipoanzishwa mwaka 1985 hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, magazeti ya Kenya yaliusimulia kwa kiunzi kimoja. Kiunzi hicho kingali kinatumika kwa mtihani wa kidato cha nne (KCSE).

Kiunzi chenyewe ni cha ngano ya shujaa. Mtoto huzaliwa katika ufukara, husoma kwa mwanga wa koroboi, hupambana na njaa na karo, kisha huibuka mshindi. Picha humwonyesha amebebwa juu juu na wazazi na walimu wanaoshangilia. Msamiati nao umeazimwa kutoka uwanja wa michezo: shule 'hutamba', wasichana 'huwabwaga' wavulana, kaunti 'hung'ara'. Katika usimulizi huu umaskini ni kikwazo cha kumpima shujaa, wala si hali yenye visababishi. Uhaba wa walimu na vitabu hubakia kuwa mandhari tu.

Ni nani basi asiyesimuliwa? Katika KCPE ya 2023, watahiniwa waliopata alama 400 au zaidi kati ya 500 walikuwa 8,525, ilhali waliofanya mtihani walizidi milioni 1.4. Kundi kubwa zaidi, takriban watahiniwa 658,000, lilipata kati ya alama 200 na 299. Mwanafunzi wa kawaida wa Kenya yumo katika kundi hili. Lakini katika taarifa za matokeo hana jina, hana sauti, hana hata mwalimu. Akitajwa, hutajwa kama tarakimu.

Huenda ikadaiwa kwamba kosa ni la orodha za washindi, wala si la usimulizi. Dai hili halina mashiko. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku upangaji wa shule na watahiniwa kwa nafasi. Bado waandishi waliendelea kuwasaka mashujaa wao shule kwa shule. Orodha ilifutwa, ngano ikabaki.

Udhaifu wa ngano hii hudhihirika zaidi wanafunzi wanapotakiwa kujiunga na shule za upili. Mtoto aliyebebwa mabegani hurejea gazetini akiwa amekaa nje ya nyumba yao, barua ya kuitwa shuleni mkononi, karo hana. Shujaa amegeuka mwombaji, na msomaji ameombwa awe mfadhili. Ni kweli kwamba taarifa za aina hii zimewaokoa watoto kadhaa, na jambo hilo halipaswi kubezwa. Lakini Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Usawiri wa shujaa humtaka mtoto aistahili elimu kwa ushindi. Usawiri wa mwombaji humtaka aipate kwa huruma. Hakuna kati ya hizi mbili unaomchora kama mtu anayedai haki yake.

Tendi za Kiswahili zina uaminifu mkubwa kuliko huu. Masimulizi ya Fumo Liongo hayaishii kwenye sifa na nguvu zake. Humfuata hadi gerezani, hadi usaliti wa jamaa yake wa damu, hadi kifo. Hadhira huachiwa maswali kuhusu jamii iliyomwangusha. Gazeti humwacha shujaa wake langoni mwa shule. Uandishi wa elimu utakaoaminika hauna budi kuingia langoni humo, uketi darasani na yule mwenye alama 240, na kumuuliza alifundishwa nini, na nani, kwa vitabu vipi.