Neno "Kugundua" katika Nyumba ya Kimondo

Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, umepewa jina la mto, na mito yenye jina hilo ni miwili: mmoja hushuka kaskazini hata ziwa la Rukwa, wa pili huelekea Nyasa, nao ni mpaka wetu na Malawi. Katika nchi hiyo, kijijini Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima Marengi, lipo bonge la chuma liitwalo Kimondo, na karibu yake nyumba ndogo ya kuwaelimisha wageni. Tumeizuru, nasi twapenda kuwaeleza waalimu wenzetu tuliyoyaona, maana wengi huwapeleka watoto huko.

Kimondo chenyewe hakihitaji mpambe. Urefu wake hupata mita 3, uzito hukadiriwa tani 12 (wengine husema 16), na katika sehemu 100 zipatazo 90 ni chuma, zilizosalia nyingi zikiwa nikeli. Zamani sehemu ya juu tu ndiyo iliyoonekana. Udongo ukachimbwa pande zote, ukabakizwa mhimili chini yake, nao ukatiwa saruji. Ndiyo sababu leo mtu aweza kukizunguka chote. Shimo la kuanguka halionekani, wala haisimuliwi hadithi ya babu aliyekiona kikianguka. Kwa hiyo wataalamu hukisia kwamba maelfu ya miaka yamepita. Hayo hufafanuliwa vema.

Bali habari ya watu huanzia mwaka 1930, kwa mpima ardhi W. H. Nott, ambaye husemwa "alikigundua". Hapo tunakataa. Kugundua ni kufumbua lililofichika, na kwa Wanyiha, wenye nchi, halikufichika neno. Nott aliwapasha habari watu wa mbali. Basi na iandikwe hivyo. Mwalimu amkosoaye mtoto kwa kuchanganya vitenzi hawezi kunyamaza mbele ya kosa la namna hii.

Tena jina. Kwa Waswahili wa pwani kimondo ni nyota ipitayo kwa mwako, nao husimulia kwamba ni moto watupiwao mashetani. Ni jina la kitu kionekanacho kikianguka. Ikiwa hapa hapana hadithi ya kuanguka, jina hilo halituelezi wazee walikiona kuwa nini. Kinyiha nacho si lugha isiyoandikwa: Traugott Bachmann wa Mbozi Misheni alilitia Agano Jipya katika lugha hiyo. Mle ndani hatukusikia neno lake hata moja.

Lililo kubwa zaidi ni hili, kwamba Wanyiha walikuwa wafua chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo, wakafua majembe. Mtoto mmoja aliyekuwa karibu nasi aliuliza mbona mababu hawakulifua bonge hili, akajibiwa habari za nyota. Swali lake lilikuwa bora kuliko jibu. Kazi ya mhunzi wa kale ilianza kwa mawe yaliyopondwa yakaingia tanurini. Bonge zima la tani nyingi, lenye nikeli, halina pa kuanzia kukata. Jibu hilo lingemfundisha mtoto chuma cha mbinguni na chuma cha babu yake kwa pamoja. Twashauri iwekwe meza moja tu: kewa la udongo, mavi ya chuma, nyundo ya jiwe, jembe kuukuu, na majina yake kwa Kinyiha, yaulizwe kwa wazee wangali hai.