Sifa za Msoma Ramani

Anayetoka Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, Jumapili asubuhi na gari lake la michezo, bila haraka, akitaka tu kuonja barabara, hakosi pa kwenda. Kipushi haizidi mwendo wa kilomita 30 hivi. Likasi ni kama kilomita 120 kuelekea kaskazini-magharibi. Kusini kuna Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako magari yaliyokuwa yakipita kulia huhamia kushoto. Kila upande ni misitu ya miombo, udongo mwekundu na vichuguu virefu kuliko mtu, vingine kuliko nyumba.

Ila barabara hizo zina wenyewe. Kuna malori ya shaba yanayofuatana kama treni. Kuna baiskeli zilizofungwa magunia ya makala mpaka anayezisukuma haonekani, na waumini wanaorudi kanisani kwa miguu. Magari kumi ya kasi yakiongozana humo kila dereva akijitegemea, matembezi yanageuka fujo. Anayeyafanya yawe raha ni mtu asiyegusa usukani.

Msoma ramani hukaa kiti cha abiria, kitabu cha njia mapajani. Kila mstari wa kitabu hicho una umbali tangu mwanzo, umbali tangu alama iliyopita na mchoro mdogo wa njiapanda: kitone ndiko unakotoka, mshale ndiko unakokwenda. Mtindo huo wa kuchora ulitokana na mbio za magari za Tulip za Uholanzi, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji lugha. Mtu wa Lubumbashi na mtu wa Ndola, kule Zambia, wanausoma sawasawa.

Mchoro, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Kipima umbali cha gari lazima kwanza kilinganishwe na kipande cha barabara ambacho urefu wake unajulikana, kwa kuwa tairi lililolika huzunguka mara nyingi zaidi kuliko tairi jipya katika mwendo ule ule, na kipimo kikasoma zaidi ya ukweli. Kosa la mita 10 katika kila kilomita halionekani unapoanza kutoka mjini. Baada ya kilomita 100 limekuwa kilomita nzima, na katika miombo, ambako njia za makala zinafanana, kilomita moja inatosha kumwingiza mtu shambani kwa watu. Msoma ramani mzuri hulisahihisha kosa kila apitapo alama ya uhakika, iwe daraja, reli au nguzo ya kilomita, huku akiendelea kumwambia dereva kinachokuja.

Afrika Mashariki ina ushahidi mkubwa wa thamani ya kazi hii. Mbio za magari za Safari Rally zilianza mwaka 1953, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara ambazo hazikufungwa: mabasi yalipita, ng'ombe walivuka, mvua ilinyesha. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili walioshinda ni wawili wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Gari lile halikuwa la ajabu. Watu wengi walilinunua kwa matumizi ya nyumbani. Kilichovuka matope ya miaka yote miwili ni maelewano ya watu wawili, na inasikitisha kwamba wapenzi wengi wa magari humkumbuka Nowicki peke yake.

Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano. Mwaka 1973, akiwa na Lofty Drews kwenye Datsun 240Z, alilingana alama na Harry Källström, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Katika mbio za aina hiyo alama ni dakika za kuchelewa vituoni, na mwenye kuzihesabu dakika ndani ya gari ni msoma ramani. Tangu 1979 hadi 1982 Mehta alishinda mfululizo, na kiti cha pembeni kilikuwa cha Mike Doughty miaka yote minne.

Mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic, zilizoanza 2003, zimeurudisha ufundi huu karibu na matembezi ya kirafiki. Mwaka 2011 Björn Waldegård wa Uswidi alizishinda kwa Porsche 911, na aliyemsomea njia alikuwa mwanawe, Mathias. Baba aliwahi kuwa bingwa wa dunia. Bado alimsikiliza kijana.

Tukirudi Lubumbashi, kitabu cha njia ya Hewa Bora hadi Likasi kingefaa kuandikwa Mei au Juni, mvua zikiwa zimekwisha na moshi wa kuchoma majani haujafunika macho. Mwandishi wake angepita mara mbili: mara ya kwanza apime, mara ya pili mwingine asome aliyoyaandika, yeye akae kimya aone pale msomaji anaposita. Angeandika alama zisizohama, kwa maana kibao huanguka lakini kichuguu kikubwa hubaki mahali pake. Kwenye kila soko la kando ya barabara angeweka mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ajaze pia mahali pa kusubiriana, ili gari la nyuma kabisa lifike kabla la mbele halijaondoka.