Jeshi Ndani ya Jeshi

Wakazi wa Gisenyi, Rwanda, walilijua vizuri RPA, jeshi la waasi wa RPF, Julai 1994, lilipouteka mji na serikali ya muda ikakimbilia Goma. Lakini jeshi hilo lilijengwa kwanza Uganda, tena kwa mishahara, risasi na vyeo vya Uganda.

Fred Rwigema, aliyepelekwa Uganda ukimbizini akiwa mdogo, alikuwa na kazi mbili. Baada ya 1986 alikuwa naibu kamanda wa NRA, jeshi la Uganda, na naibu waziri wa ulinzi, huku akiwa na mpango wa kurudi kwao Rwanda.

Hakuhitaji kuandikisha askari kwa siri, kwani walikuwa tayari kambini. Paul Kagame alikuwa kwenye ujasusi wa jeshi, Dkt. Peter Bayingana akiongoza tiba, Chris Bunyenyezi akiwa na brigedi yake. Amri za NRA zilishuka kwa njia ya kawaida. Za RPF zilipita kwa watu walewale.

Novemba 1989 Rwigema alivuliwa nyadhifa. Hapo ndipo naona ustadi wenyewe: hana ofisi, lakini askari bado wanamtii. Palihitajika kisingizio tu cha kusogeza malori, nacho kikawa maandalizi ya sherehe za Uhuru wa Uganda za Oktoba 9. Marais Yoweri Museveni wa Uganda na Juvénal Habyarimana wa Rwanda wote walikuwa New York kwenye mkutano kuhusu watoto. Oktoba 1, 1990, wapiganaji wakang'oa beji za NRA na kuvuka mpaka wa Rwanda pale Kagitumba.

Kasoro ilikuwa kwamba mpango mzima ulimtegemea mtu mmoja, naye aliuawa siku ya pili. Tena mbuga za Mutara ni tambarare. Helikopta ziliwaona mchana kweupe. Mwisho wa mwezi walikuwa wamesambaratika.

Kagame, aliyerudi kutoka masomoni Marekani, aliwahamishia milima ya Virunga, ambako baridi iliwaua baadhi yao lakini ukungu na misitu viliwaficha. Januari 23, 1991 walishuka mji wa Ruhengeri na kufungua gereza. Miongoni mwa waliotoka alikuwemo Théoneste Lizinde, aliyewahi kuwa mkuu wa usalama wa Habyarimana. Akajiunga nao.