Minyoo 'hii' au minyoo 'hawa'?

Juzi ufukweni Dunga, Kisumu, nilimsikia kijana akimwonya mwenzake aliyekuwa akitia chambo kwenye ndoana: "Nawa mikono, minyoo hiyo itakuingia tumboni!" Mvuvi akacheka tu. Alichoshika ni nyungunyungu, ambaye hana haja na tumbo la mtu.

Kauli hiyo fupi ina makosa mawili, yote ya uainishaji.

La kwanza ni la sarufi. Neno mnyoo lina umbo la mti na mkate, ndiyo maana wengi husema "minyoo hii". Hata hivyo, ngeli huamuliwa na upatanisho wa kisarufi, si umbo la nomino pekee. Kiumbe hai huenda katika A-WA: mnyoo huyu, minyoo hawa, kama tusemavyo mtume huyu, mitume hawa.

La pili ni la maana. Tumelitwika neno moja viumbe wa koo mbalimbali. Chango ana faila yake. Tegu na mnyoo wa kichocho, anayewahangaisha wakazi wa Ziwa Victoria, wako katika faila nyingine. Nyungunyungu na ruba wamo katika ya tatu, Anelida, pamoja na minyoo wa baharini wenye vinywele vigumu, mathalani wa familia ya Nereidide, ambao pia hutumiwa kuwa chambo.

Ajabu ni kwamba hata wanazoolojia walinaswa na mtego uo huo wa umbo. Waliwatenga wenye vinywele vingi katika kundi lao, Polikaeta, mbali na nyungunyungu na ruba. Tafiti za vinasaba, zilizoshika kasi tangu miaka ya 1990, zikaonyesha kuwa nyungunyungu na ruba wamechipuka ndani ya ukoo wa hao hao Polikaeta!

Je, haya ni mambo ya wasomi tu? La hasha. Tangazo la afya likisema "minyoo" bila kufafanua, mtoto wa ziwani atamwogopa nyungunyungu anayerutubisha shamba la mamake, kisha aogelee bila wasiwasi. Kumbe mnyoo wa kichocho hupenyeza ngozini mtu akiwa majini. Kunawa mikono hakumzuii.

Basi waandishi wenzangu, tuwataje kwa majina yao: chango, tegu, safura, ruba. Na yule wa Polikaeta? Napendekeza tumwite nyungunyungu wa bahari. Angalau tutakuwa tumempa jina la jamaa yake halisi.