Uvuvi wa Trauti katika Mto Gura

Mto Gura, uanziao katika nyanda za baridi za Milima ya Aberdare nchini Kenya, haukuwa na trauti hata mwaka 1905, alipoletwa humo kutoka Loch Leven, Uskochi, kwa juhudi za Ewart Grogan, yule aliyekwisha kupata sifa kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Afrika Kusini hata Cairo. Maji yalimkubali samaki huyo mgeni kwa kuwa ni ya baridi, yamejaa hewa kwa jinsi yanavyojipiga kwenye mawe, na chini yake mna changarawe ambamo jike hufukia mayai yake.

Tangu 1950 sehemu ya juu ya mto imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, na atakaye kuvua humo sharti awe na leseni, alipe kiingilio, asipite lango kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na, akiwa mgeni wa siku moja, awe amekwisha kutoka ifikapo saa kumi na mbili jioni. Sharti hili la saa watu hulidhania kuwa ni hadhari tu dhidi ya nyati na tembo, na kweli wamo. Lakini taathira yake katika ufundi wa uvuvi ni kubwa kupita sharti jingine lolote, kwani trauti aghalabu hujitokeza kula jua linapoelekea kutua, wakati mvuvi huyo yuko njiani kurudi langoni.

Basi hana budi kumtafuta samaki mchana, naye mchana, jua la ikweta likiwa utosini, hujificha kilindini au chini ya ukingo wenye kivuli. Hapo chambo kieleacho juu hakifai kitu. Hutumika chambo kidogo cha manyoya kilichozungushiwa waya, chenye umbo la buu la mdudu wa majini, kizame upesi hata kikaribie changarawe. Ukungu ukishuka mlimani, kama ushukavyo mara nyingi alasiri, samaki hupata ujasiri wa kupanda, na mvuvi mwenye busara huwa amekiweka kilindi chake bora kwa ajili ya saa hiyo, asikivuruge tangu asubuhi kwa pupa.

Trauti hukaa ameuelekea mkondo, akingoja riziki iletwayo na maji. Huona mbele na pembeni, wala haoni nyuma yake moja kwa moja. Kwa hiyo mvuvi hupanda mto kutoka chini, ameinama, kwa kuwa mwanga unavyopinda uingiapo majini humfichia samaki kitu kilicho karibu na usawa wa maji na kumdhihirishia kilichosimama wima. Hukanyaga polepole pia, kwa maana mtikisiko wa jiwe humfikia samaki kupitia ubavu wake. Akifika, hurusha mshipi mfupi na kuuinua ufito juu, ili mshipi usilale juu ya mkondo wa kasi ulio kati ya mvuvi na kilindi. Maana ukilala, mkondo utauvuta, chambo kitakwenda mbio kuliko maji yanayokichukua, na trauti atakikataa pale pale. Kwa maoni yangu hii ndiyo siri kubwa ya Gura, na wengi wajuao kurusha mbali hushindwa hapa kwa kuipuuza.

Trauti aliye mdogo arudishwe majini, ashikwe kwa mikono iliyoloweshwa, kwani mkono mkavu humvua utelezi umkingao na maradhi.

Mimi naliunga mkono lango lifungwalo jioni, kwa maana humwachia samaki saa yake ya amani. Lakini lango linalozuia saa lisimzuie mtu kwa ufukara wake, na wenye mamlaka nawaomba wamwekee kijana wa vijiji vya chini ya msitu, ambaye maji haya haya hupita shambani kwao, kiingilio na leseni kwa bei aiwezayo.