Shavu la Mguu Likilala: Namna ya Kuujua Mchoro Mzuri

Ukiletewa mchoro wa umeme wa shavu la mguu, usikimbilie pale msuli unapovuta. Hapo kila mchoro hupendeza. Hata fundi mbovu hupata vilima. Anza pale mguu ulipolazwa na mtu kaambiwa atulie. Msuli mzima ukipumzika hautoi umeme wa kuonekana, kwa hiyo mstari unapaswa kulala kama maji ya Mikindani alfajiri, ukitikisika maikrovolti chache tu, nazo ni za mashine yenyewe. Msuli huohuo ukivuta kwa nguvu zote hufika milivolti nzima, pengine zaidi. Pengo hilo kati ya kimya na kelele ndilo ninalolitafuta kwanza. Likiwa dogo, sisomi zaidi.

Pengo hutengenezwa kwenye ngozi, si kwenye mashine. Nimeona mashine za bei kubwa zikitoa takataka kwa sababu mtu aliona uvivu kushika wembe. Huku Mtwara mguu huja na habari zake: chumvi, mafuta ya nazi, vumbi la shamba la mikorosho, jasho la Februari. Fundi mwenye adabu ya kazi hunyoa vinyweleo, husugua taratibu kwa msasa laini, hupangusa kwa spiriti, halafu husubiri pakauke. Wengi huanguka kwenye kusubiri. Na mdomo nao ni sehemu ya ufundi. Mama aliyejipaka mafuta yake vizuri kabla ya kuja haambiwi ana ngozi chafu. "Shikamoo mama. Naomba nipanguse mafuta kidogo hapa, kibandiko kishike." Aliyekasirishwa hukaza miguu, na aliyekaza miguu hana kimya cha kukupa.

Kisha uliza vibandiko vya kunasa umeme viliwekwa wapi. Wagiriki waliuita msuli wa juu wa shavu "tumbo la mguu", na ukimwona mvuvi akisukuma ngalawa mchangani hutawabishia. Una vichwa viwili, cha ndani na cha nje. Chini yake umelala msuli bapa ambao jina lake la Kilatini linatokana na neno la kandambili, neno ambalo pia ni la samaki bapa wa mchangani. Mvuvi wa Msimbati angeuita gayogayo bila kufundishwa, nami nitauita hivyohivyo. Mwongozo wa Ulaya uitwao SENIAM, unaofuatwa na wengi, unataka vibandiko viwili viachane milimita 20, kitovu kwa kitovu, vikielekea njia ya nyuzi za msuli. Kwa kichwa cha ndani cha tumbo, ni pale palipotuna zaidi. Kwa gayogayo, pima kutoka upande wa ndani wa goti hadi kifundo cha ndani cha mguu, ushuke theluthi mbili.

Kuna mtihani mdogo wa kujua kama fundi alipata misuli miwili au msuli mmoja mara mbili. Tumbo la mguu huvuka goti, gayogayo haivuki. Mtu akikaa kitini, goti limekunjwa, akainua visigino, tumbo hulegea na kazi kubwa huangukia gayogayo. Mstari wa gayogayo upande, wa tumbo ubaki nyuma. Mistari yote miwili ikipanda pamoja kama mapacha, kibandiko kimoja kinasikiliza mazungumzo ya jirani.

Sasa kelele. Umeme wa nyumbani Tanzania huzunguka mara 50 kwa sekunde, uwe wa gesi ya Mnazi Bay au wa maji ya Rufiji, nao hupenda kuingia kwenye waya mrefu uliolala ovyo. Utautambua: meno ya msumeno kila milisekunde 20, yanalingana, hayachoki. Msuli haujirudii hivyo. Kila mvuto una sura yake. Waya unaobembea huleta kitu kingine, wimbi zito la polepole linalobeba mstari mzima juu na chini. Wengi huondoa mngurumo kwa chujio la hezi 50. Mimi silipendi, maana nguvu nyingi ya umeme wa msuli iko kati ya hezi 50 na 150, na chujio hilo hula nyama pamoja na mfupa. Zima pangaboi. Kagua waya wa ethi. Sokota nyaya pamoja.

Hadi hapo kanuni ni rahisi: kimya ni kizuri, kelele ni mbaya. Mkoa huu wa Mtwara unaikatalia kanuni hiyo, na sababu yake ni ugonjwa uitwao konzo.

Jina ni la Kiyaka, la Kongo, ambako daktari Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938. Mwaka 1981 uliwakumba zaidi ya watu 1,000 Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ukaonekana Tarime. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika mkoani Mtwara. Huwapata wanaokula muhogo mchungu ambao haukuondolewa sumu ya kutosha, mara nyingi wakati wa ukame au njaa, chakula kikiwa hakina protini inayousaidia mwili kuitoa sianidi. Wengi ni watoto na akina mama. Miguu yote miwili hukakamaa ndani ya siku chache, kisha hali hubaki hapo maisha yote. Visigino huinuka, mtu hutembea kwa vidole, magoti yakikwaruzana.

Uharibifu uko juu, kwenye njia ya amri itokayo ubongoni. Neva inayofika kwenye shavu la mguu ni nzima, na msuli ni mzima. Kwa hiyo hapa hakuna mtukutiko wa nyuzi zilizokatiwa neva, kama baada ya polio. Utaona msuli wenye nguvu usiojua kunyamaza. Ukiusukuma unyayo juu ghafla, shavu hujibu kwa mafungu ya umeme, matano hadi saba kwa sekunde, na kati ya fungu na fungu kuna kimya safi.

Niliwahi kuombwa kusahihisha michoro ya wanafunzi. Mmoja ulikuwa na mafungu hayo, tena mahali palipoandikwa "mapumziko". Niliandika kwa wino mwekundu: waya unatikisika, rudia. Nilipaswa kujua. Waya unaotikisika hubeba mstari mzima na haurudishi kimya. Mchoro ule kila fungu lilianza sifuri na kurudi sifuri, na ndani ya fungu miiba haikufanana.

Tangu siku hiyo nasoma pembeni ya karatasi kabla ya kusoma mstari. Yule kijana alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo sana: "Pangaboi limezimwa. Unyayo wa mgonjwa unagusa ukingo wa kitanda. Nikimvuta juu kidogo, mguu unatulia. Nikimrudisha, unaanza tena."